Mkaguzi Aliyekula Mifupa ya Kufundishia

Hapo zamani za kale, zamani zile wanyama walipokuwa na milango, mikeka na vyeti vya kutundika ukutani, palikuwa na Pimbi mmoja asiyejua kukaa kitako. Nyinyi kaeni, tena vizuri, kwa sababu yeye hakukaa hata kidogo, na nikianza kumfuata mbio sitaki mtu aniulize tumefika wapi.

Bi Pimbi alikuwa mwalimu. Chuo chake kilikuwa ndani ya pango huko Mwambani na kilifundisha kazi moja tu, kuunga mifupa. Mnyama akivunjika au akiteguka, wahitimu wa Mwambani walimpapasa, wakamnyoosha, wakamfunga vijiti, wakamwambia alale siku ishirini na moja. Akilala kweli, siku ya ishirini na mbili anakimbia.

Ndani ya pango lile kulikuwa na hazina. Ilikuwa mifupa mia na kitu ya wanyama waliokufa kwa uzee wao, paja la twiga, mbavu za pundamilia, magoti ya kila aina. Bibi yake Bi Pimbi aliikusanya mmoja mmoja mpaka akafa, na kwa mifupa hiyo wanafunzi walijifunza kiungo gani kinakaa wapi.

Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo kesi ilipoanzia. Mtemi wa nchi ile alikuwa Tembo, na alikuwa ametoa amri kwamba hakuna kumgusa mgonjwa bila cheti cha chuo chenye ithibati. Amri nzuri kabisa. Matapeli walikuwa wengi, na wengine walikuwa wanafunga mguu mzima wakaacha uliovunjika.

Lakini Mtemi hakuwa na nafasi ya kuzunguka chuo hadi chuo. Akaiachia kamati kazi hiyo. Kamati ndiyo iliyovipa vyuo ithibati, na Mtemi yeye aliitambua kamati. Kila baada ya miaka mitatu kamati ililetwa mbele yake, ripoti ikasomwa, udongo mbichi ukatandazwa, naye akaukanyaga. Unyayo wa Mtemi ukishaingia kwenye udongo, basi, kamati imetambuliwa. Alikwisha kanyaga mara tatu na hakuwahi kuuliza swali.

Na mwenyekiti wa kamati alikuwa nani? Fisi. Wajumbe wake wawili walikuwa fisi pia, shemeji zake.

Mnajua desturi yetu. Mgeni akibisha hodi anatandikiwa mkeka, anakula kwanza, ndipo anaulizwa habari ya safari. Fisi aliishika desturi hiyo kuliko mtu yeyote nchini. Alifika chuoni, akatandikiwa mkeka langoni, akala, akalala kidogo, akaamka, akachovya mkono kwenye udongo mwekundu na kuupiga kwenye nguzo ya lango. Huo ndio uliokuwa muhuri wa ithibati. Ndani hakuingia. Alipima upana wa lango, akasikiliza kama kengele inalia, akaandika ripoti ndefu.

Siku alipofika Mwambani alikuta mlango wa pango haupitishi hata kichwa chake. Bi Pimbi alimwomba radhi, akasema atawatoa wanafunzi wote saba nje wamwonyeshe kazi yao pale pale. Fisi hakuwa na haja ya kuona kazi. Alikwisha kaa mkekani.

"Lete mifupa ya kufundishia," alisema. "Kamati lazima ikague ubora wake."

"Inakaguliwaje, Mheshimiwa?"

"Kama kawaida. Kwa meno."

Bi Pimbi alihama mguu huu kwenda mguu ule. Akasema mifupa ile ni urithi wa bibi yake, na ikiliwa leo, kesho atafundishia nini?

"Hayo ni mambo ya ndani ya chuo," Fisi alijibu. "Kamati haiingilii."

Bi Pimbi akaingia ndani, akatoka na sahani ya viazi vitamu. Fisi aliitazama sahani, akamtazama mwenye sahani, akanyanyuka na kuondoka bila kuaga. Siku ya tatu ikaja barua. Chuo cha Mwambani hakina lango, hakina kengele, hakina ushirikiano. Kinanyimwa ithibati, na mwezi ukiandama kifungwe. Mhitimu wake atakayemgusa mgonjwa atafukuzwa nchini.

Jamani, yule Pimbi aliwaka. Alizunguka pangoni ta-ta-ta-ta, ukuta hadi ukuta, mpaka wanafunzi wakaona kizunguzungu. Mkubwa wao, Tumbili mmoja aitwaye Siwema, alikuwa ameketi na barua mapajani. Siwema alikuwa na vidole vyepesi kupita wote. Mwezi uliopita alikuwa amemtibu Swala, aliyevunjika mguu akapelekwa kwanza kwa Nyumbu, mhitimu wa chuo cha Nyati. Chuo cha Nyati kina lango la kupita wanyama wanne sambamba, na Fisi alikipa daraja la kwanza. Nyumbu akaufunga mguu wa Swala ukiwa umeelekea pembeni. Maskini Swala, kila alipotaka kwenda mtoni alijikuta anazunguka na kurudi alikotoka. Siwema aliufungua mguu ule, akaupanga upya, na sasa Swala anapita kama upepo.

"Mwalimu," Siwema aliuliza, "akija Swala mwingine kesho, nimwambieje?"

Swali hilo lilimuuma Bi Pimbi kuliko barua yenyewe.

Akashuka mbio hadi kwa Kobe, katibu wa Mtemi, kukata rufaa. Kobe alifungua daftari lake polepole, na Bi Pimbi akatamani kumfungulia. Mwishowe Kobe akasema Mtemi hasikilizi habari za vyuo. Mtemi husikiliza habari za kamati tu, tena siku moja, siku ya kuitambua, na siku hiyo ingefika baada ya juma moja na nusu.

"Na siku hiyo anayeruhusiwa kusema ni nani?"

"Yeyote," Kobe alijibu, akafikiri kidogo. "Ila hajawahi kusema mtu."

Bi Pimbi alirudi Mwambani kwa mbio zaidi ya zile za kwendea. Njiani alipita Bondeni, mahali alipohama Muhanga zamani akaacha mashimo yake kwenye nyasi ndefu. Akasimama. Akachukua fimbo, akapima shimo moja, lilikuwa la kumfika Fisi mabegani. Akatikisa kichwa, akacheka peke yake, akaendelea na mbio.

Kesho yake wanafunzi walikata nguzo. Wakajenga lango Bondeni, pana, refu, lenye milango miwili na kengele juu, na ubao ulioandikwa CHUO CHA MIFUPA BONDENI. Nyuma ya lango hawakujenga kitu. Palikuwa na nyasi na shimo la Muhanga, basi.

Ikabaki mifupa ya kuweka mkekani. Walitafuta mbuga nzima wasipate hata kidole cha panya, kwa sababu kamati ilikwisha kagua kila kitu. Bi Pimbi alikaa pangoni mbele ya hazina ya bibi yake, na safari hii alikaa kweli, hakutikisika. Kisha akawaita wote saba. Akawaambia wafumbe macho, wapapase kila mfupa kuanzia ncha hadi ncha, kila kiungo, kila kibonyeo, mpaka waweze kuutaja bila kuuona. Walifanya hivyo siku tatu mfululizo. Siku ya nne akaitoa mifupa yote nje kwa mikono yake, na alikuwa analia, na alikuwa na hasira, na hakumruhusu mtu amsaidie kubeba.

Fisi alipopata mwaliko wa Bondeni alifika na shemeji zake kabla umande haujakauka. Langoni alikuta kengele inalia nge-nge-nge, na mkuu wa chuo mwenye kilemba kikubwa anawapokea. Mkuu huyo alikuwa Siwema. Fisi hakumtazama usoni. Alitazama mkeka.

Siwema alifanya kama mwalimu wake alivyomwelekeza. Alimkaribisha Fisi ndani akaone madarasa, Fisi akasema anayaona kutoka pale pale. Akamkaribisha mara ya pili akaongee na wanafunzi, Fisi akasema utulivu wao unasikika. Mara ya tatu akamwambia kwa sauti ya kusikika kichakani alikojificha Bi Pimbi, "Mheshimiwa, hata hatua moja tu ndani?"

"Mama, mimi nimekagua vyuo arobaini," Fisi alisema huku mdomo umejaa. "Kilicho nyuma ya lango nakijua kwa lango."

Kwa-kwa-kwa, waliitafuna. Bi Pimbi kule kichakani aliitambua mifupa kwa mlio. Lile ni paja la twiga. Hizo ni mbavu za pundamilia. Alijiuma mdomo asije akatoka. Mkeka ulipobaki mtupu, Fisi alichovya mkono kwenye udongo mwekundu akaupiga kwenye nguzo. Daraja la kwanza.

Basi siku ikafika. Uwanja wa Mtemi ulijaa mchana ule, na wahitimu wa vyuo vyote walihudhuria na vyeti vyao shingoni, Nyumbu naye yumo. Udongo mbichi ulikuwa umetandazwa tayari. Kobe alisoma ripoti ya kamati, na akafika kwenye Bondeni. Madarasa kumi na mawili, mwenyekiti ameingia katika kila darasa. Wanafunzi wana nidhamu. Mifupa ya kufundishia ni ya ubora wa juu.

Mtemi Tembo akainua mguu. Bi Pimbi, aliyekuwa anarukaruka nyuma ya umati tangu asubuhi, alipita chini ya matumbo ya watu akatokea mbele.

"Mtemi, naomba kusema," alisema.

Mguu wa Mtemi ulibaki hewani. Hakuna aliyekuwa amewahi kuomba kusema. Bi Pimbi akaeleza, kwa unyenyekevu mwingi, kwamba chuo chake kimenyimwa ithibati na hana kinyongo. Yeye ni mdogo na mshamba, hajui chuo kizuri kikoje. Anaomba jambo moja tu. Bondeni si mbali, na Mheshimiwa Fisi ameingia katika kila darasa. Hebu awatembeze wote, ili wenye vyuo vibovu wajifunze.

Umati ukasema ni kweli. Mtemi akashusha mguu pembeni ya udongo, akasema hata yeye angependa kuviona hivyo vyumba kumi na viwili. Fisi alitaka kutoa udhuru. Lakini kila mmoja alikuwa anamtazama kwa heshima, na heshima ilikuwa tamu, akatoka mbele kifua wazi.

Walipofika langoni, Bi Pimbi alimkimbilia.

"Mheshimiwa, nitangulie mimi? Huenda kuna kitu ndani hujakiona."

"Nikakosa kukiona mimi? Chuo hiki nakijua kama kiganja changu. Kuanzia hapa ni darasa la kwanza, upande wa kulia," Fisi alisema, akaisukuma milango na kuingia kwa mwendo wa mwenye nyumba.

Pu!

Vumbi lilipotulia hapakuonekana darasa wala mwanafunzi. Palionekana nyasi, na masikio mawili ya Fisi yametokeza shimoni. Halafu Fisi akaanza kulia, na safari hii hakuwa anacheka. Mguu wake wa nyuma ulikuwa umechomoka kwenye nyonga.

Mtemi alimnyanyua kwa mkonga, akamlaza nyasini, akauliza yuko wapi tabibu mwenye cheti cha chuo chenye ithibati. Nyumbu akatoka mbele na cheti chake. Alimzunguka Fisi mara mbili, akainama, akashika mkia, akauliza hivi mfupa wenyewe uko upande gani.

"Hukufundishwa?" Mtemi alimuuliza.

Nyumbu alikuwa mkweli, hilo lazima tumsifu. Akasema, "Mtemi, chuoni kwetu mifupa tuliiona siku moja tu, asubuhi ya ukaguzi. Mchana mkaguzi akaila."

Akanyoosha kwato tena kuelekea mguu. Fisi akapiga ukelele uliosikika ng'ambo ya mto.

"Mwondoeni huyu! Asiniguse! Nileteeni yule Tumbili wa Mwambani!"

Siwema alikuwa amesimama pale pale, bila kilemba, mikono nyuma. Hakusogea. Bi Pimbi ndiye aliyesogea, akaja hadi puani kwa Fisi, na kwa mara ya kwanza siku ile miguu yake ilitulia.

"Siwema hawezi kukugusa, Mheshimiwa. Chuo chake hakina ithibati. Barua ni yako. Atafukuzwa nchini."

"Nawapa! Nawapa ithibati sasa hivi!"

"Kwa sababu gani? Lango hatuna. Kengele hatuna."

"Kwa sababu mnaijua kazi!" Fisi alilia. "Nani asiyejua kwamba mnaijua? Yule Swala mliyemtibu nilimfukuza mwezi mzima, anazunguka tu, najua nitampata. Mlipomshika nyinyi alinipita kama sipo! Jamani, mguu wangu!"

Kila mmoja pale Bondeni alisikia, na Mtemi, mwenye masikio makubwa kuliko wote, alisikia zaidi.

"Kumbe ulijua," Mtemi alisema polepole. "Ulijua nani anatibu na nani haponyi mtu, na mihuri ukaigawa kwa kufuata tumbo."

Mtemi akamwambia Siwema, kwa neno lake mwenyewe la Mtemi, amtibu. Siwema akapiga magoti. Mfupa wa kulinganishia haukuwepo tena, uliokuwepo ulikuwa tumboni mwa mgonjwa. Akafumba macho, akapapasa, vidole vikaenda wenyewe ncha hadi ncha mpaka vikapata kibonyeo kile walichokariri pangoni. Akavuta. Ko! Nyonga ikarudi mahali pake. Bi Pimbi akageuka upande ili wasimwone anafuta machozi.

Mtemi akatangaza pale pale kwamba kamati ya Fisi haitambuliwi tena, na kwamba kila chuo ilichokipa muhuri kitakaguliwa upya, tena kwa kuingia ndani. Watu wakashangilia. Bi Pimbi hakushangilia. Miguu ilikuwa imeanza tena, ta-ta-ta.

"Mtemi, kuna moja limebaki," alisema. "Fisi alikula langoni. Lakini wewe ulimkanyagia udongo mara tatu bila kutoka uwanjani kwako."

Kobe alijificha ndani ya gamba lake. Waliokuwa karibu walirudi nyuma hatua mbili tatu. Mtemi alipiga masikio yake pa, pa, akatazama chini, na nadhani aliona aibu, maana hata kubwa jinga likiona aibu linajulikana, seuze Mtemi mwenye akili zake.

"Umesema kweli," alijibu hatimaye. "Basi kamati uishike wewe."

"Nitaishika kwa sharti. Kila mwaka uje unikague mimi. Na usiishie mlangoni."

Na alikwenda. Pango la Mwambani halikumpitisha, hata unyayo wake mmoja haukuenea, kwa hiyo alilala kifudifudi nje akaingiza mkonga. Akapapasa ukuta, vijiti, kamba, na vichwa vya wanafunzi saba waliokuwa wanajizuia kucheka. Akakuta rafu ya mifupa tupu, akaguna. Kesho yake akaleta jino la marehemu baba yake, akamkabidhi Bi Pimbi mkononi, iwe mwanzo mpya.

Fisi je? Aliambiwa alale siku ishirini na moja. Siku ya nne alisikia harufu ya karamu upande wa pili wa mlima, akararua vijiti, akaondoka. Ndiyo maana mpaka leo ukimwona anatembea, nyuma ameshuka, na lango lolote akilikuta analipitia mbali.

Funzo lake ni hili: anayepewa kazi ya kukagua wengine, naye aingiwe ndani akaguliwe.

Na hadithi yangu naiacha hapa mlango wazi. Mwenye shaka nayo asiitazame kwa nje, apite ndani.